Nesi Restuta, Aliyemtetea Punda wa Galula

Marehemu Restuta Osea Nzunda alizaliwa Iyula, Mbozi, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa mzee Osea, mkulima wa kahawa, na mama Anastazia. Alisoma shule ya msingi hapohapo Iyula, kisha sekondari na uuguzi Mbeya. Mwalimu wake aliwahi kumwandikia mzee Osea kwamba binti ana akili ila anauliza mno. Mzee akajibu kwamba nyumbani walishachoka, ndiyo maana wakampeleka shule.

Mwaka 1986 alipangiwa zahanati upande wa Galula. Septemba ile mchimbaji mmoja alikanyaga msumari. Taya zikabana, mwili ukakakamaa, akafariki kwa pepopunda. Kwa kuwa jina linataja punda, na kijijini punda alikuwa mmoja tu, wa Amoni Simbeye, mkutano uliamua auawe. Restuta alifika kwa baiskeli, akaomba kusema. Alieleza kwamba watu wa kale, walipoona mgonjwa anavyopindika mgongo, walidhani kapandwa na pepo, na jina likabaki. Kinachoua ni kijidudu cha kwenye udongo na samadi, kinachopita kwenye kidonda.

Mwenyekiti akauliza, "Na punda, nesi, aliingiaje?"

"Hapo sijui, mwenyekiti. Nimewauliza wakubwa zangu watatu, wamenipa majibu manne. Lakini huyu wa Amoni kazaliwa juzi, jina kalikuta."

Watu walicheka, punda akasalimika, na kesho yake themanini walipanga foleni kuchanjwa.

Wa kwanza alikuwa Amoni. Dozi ya pili ni baada ya wiki nne; yeye alirudi siku ya tatu kuuliza kama muda umefika. Alipopata ya tatu, Aprili 1987, aliambiwa arudi baada ya mwaka. Akaona mwaka ni mrefu, akapeleka posa Iyula. Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1987.

Restuta alistaafu mwaka 2021, wakahamia Mpemba. Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Wodini alitaka maana ya kila neno lililoandikwa kwenye faili lake, hata muuguzi Priska akakiri kwamba alikuwa akijisomea nyumbani kabla ya zamu. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2025, Amoni akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto Enesi, Clever na Fausta, wajukuu saba, na watu wa Galula waliofika leo kwa malori mawili bila kuitwa. Mungu ampe pumziko ambalo zamu za miaka thelathini na mitano hazikumpa.