Kilomita za Kutoka Toronto

Benchi la kahawa pale Kerege lina miguu mitatu mizima na wataalamu wasiohesabika. Asubuhi hiyo Issa alilifuata akiwa na haja ya kweli. Dada yake, Batuli, alifariki alfajiri, na mwana pekee wa marehemu, Rehani, anaishi Toronto. Saa mbili alikuwa amepiga simu: “Mjomba, niko njiani, nisubirini nimzike mama.” Ikakatika, na tangu hapo haipatikani. Shehe alikuwa anangoja jibu: wazike adhuhuri, au wasubiri?

— Haipatikani kwa kuwa ndiyo kwanza kapanda, — alisema Ausi, aitwaye Rubani kwa sababu ya miezi mitatu aliyobeba mizigo uwanja wa ndege wa Dar. — Toronto mpaka hapa kilomita elfu kumi na mbili na ushee. Si Kiwangwa hapo jirani.

— Na inakuja kinyume na jua, — akadakia Hamidu Darubini. — Siku nzima inaliwa hukohuko angani.

— Jua ni jambo dogo. Dunia yenyewe inazunguka, bwana. Ndege inaifukuza Dar, na Dar nayo inakimbia.

— Wewe ndege umepanda lini?

— Nimepakia.

— Mabegi.

— Mabegi yanakwenda wapi, Darubini, kama si ndegeni?

— Kwa hiyo atafika lini? — Issa akauliza.

— Kesho usiku, akijitahidi.

— Ajitahidi nani, abiria?

Issa alijua kabisa kwamba hawajui. Lakini alitaka neno la kutomsubiri Rehani litoke kinywani mwa mtu mwingine, lisiwe lake. Akampigia shehe: adhuhuri.

Walipotoka makaburini walirudi palepale. Naveed, mwenye duka la mabati ng’ambo ya barabara, akavuka kuja kutoa pole, akasogezewa kikombe.

— Mzee Issa, Rehani alipopiga alikuwa uwanja gani?

Rubani akamtazama Darubini. Darubini akatazama kahawa.

— Nauliza tu, — Naveed akasema. — Habari za ugonjwa si alizipata tangu juzi?

Hapo Issa akakumbuka. Nyuma ya sauti ya Rehani kulikuwa na mwanamke akiita abiria, kwa Kiarabu kwanza. Alimsikia vizuri. Huko Toronto nani angewaita watu kwa Kiarabu?

Simu ikaita. Namba ya hapahapa nchini.

— Shikamoo, mjomba. Nimetua, niko kwenye teksi, tumeshapita Bunju, karibu nafika. Kaburini nishuke mimi nimpokee mama. Usimwachie mtu mwingine.

— Marahaba, mwanangu, — Issa akasema.

Kanzu yake ilikuwa na udongo magotini. Akaanza kuupangusa, kisha akauacha.