Daraja la Kurudia Alıçlı

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya yetu ya Sarpova, Mheshimiwa Meya, Ndugu Mhandisi pamoja na mafundi wako, wenyeviti wenzangu wa vijiji vya juu na vya chini, wazee wetu mlioketi mbele mkiwa mmejifunika mablanketi, nanyi watoto wa Alıçlı mliotoka İzmit, Bursa na Ujerumani: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Nikimsahau mtu anisamehe, maana upepo wa bonde hili humpokonya msemaji hata jina lake mwenyewe.

Mimi ni Nazmiye Çevik, mwenyekiti wa kijiji cha Alıçlı, na si mzaliwa wa huku. Niliolewa nikiwa İzmit na Kenan, mwana wa Mama Döndü, na kwa miaka mingi ya ndoa nilikijua kijiji hiki kwa kusimuliwa tu. Mume wangu alikuwa akila samaki wa mjini huku akiongea habari za mbuzi.

Nchi yetu mnaijua. Vijiji vya chini vina barabara, ngano na soko la Alhamisi. Vijiji vya juu vina mialoni, mbuzi na theluji. Theluji ikiyeyuka, mto huu wa Deliçay huvimba, na hapo aliye juu hubaki juu, aliye chini hubaki chini. Wilaya iliyokuwa na watu elfu ishirini leo haifikii elfu sita. Je, hao wengine walikufa? Wako hai, ndugu zangu. Wako ghorofa ya nne, wamefunga madirisha, na wakilala wanausikia mto huu.

Mama Döndü alianza kuliomba daraja mwaka aliofiwa na mumewe. Mumewe huyo, Mzee İdris, alishikwa na tumbo mwezi wa Aprili, majirani wakamlaza juu ya ngazi ya mbao, wakamshusha mpaka ukingo ule wa ng'ambo. Gari la wagonjwa lilikuwa limefika upande huu tuliopo, taa zake zinawaka. Maji yalikuwa yamejaa. Wakabaki wanatazamana na gari mpaka mzee akakata roho.

Kuanzia hapo, kila mwisho wa masika, mto ulipopungua, Mama Döndü alifunga kitambaa chake kizuri na kwenda ofisini. Maofisa walibadilika, jibu halikubadilika.

"Mama, daraja ni la watu wengi. Ninyi mko wangapi?"

"Tungekuwa wengi, mwanangu, kama kungekuwa na daraja."

Ndipo ikaja ile sensa ya mwaka elfu mbili. Wakubwa mnakumbuka sensa za zamani: siku moja nchi nzima ilikatazwa kutoka nje, na kila mtu akahesabiwa pale alipokutwa. Mama Döndü akaenda kwenye simu ya dukani. Alimpigia kila aliyezaliwa Alıçlı, na simu ya kwetu niliipokea mimi, nikampa mume wangu.

"Kenan, serikali inahesabu watu. Njoo uhesabiwe kwenu."

"Mama, nina kazi."

"Kazi unayo, mama huna?"

Tukaja. Wakaja wote. Ilikuwa Oktoba, maji haba, mabasi yakavuka juu ya mawe. Nyumba zilizofungwa miaka kumi zikafunguliwa, na asubuhi ya sensa kila bomba la moshi la Alıçlı lilikuwa linafuka. Mama Döndü alisimama dirishani, akatazama moshi ule, chai yake ikapoa mkononi.

Kutoka nje marufuku, lakini nani anaweza kuukataza mdomo? Watu wakaanza kuitana dirisha kwa dirisha.

"Osman, ni wewe mwenye kipara hicho?"

"Ni mimi, kaka. Nywele nimeziacha Ujerumani, zinamalizia mkataba."

"Na Satı yuko wapi, aliyekataa kuolewa na wewe?"

"Nipo hapa juu," Satı akajibu, "na nikikitazama hicho kipara, namshukuru Mungu."

Mwalimu kijana aliyetumwa kuhesabu alipofika kwetu, alikuta watu kumi na tisa katika vyumba viwili.

"Mama, kweli wote hawa wanakaa hapa?"

"Wote wamezaliwa hapa, mwanangu. Wanakokaa waulize wenyewe, mimi wamechoka kuniambia."

Akatucheka, akakubali glasi ya chai, akatuandika.

Sasa niseme langu. Mwaka uliotangulia tetemeko lilikuwa limeiangusha nyumba yetu İzmit. Tangu siku ile sikuweza kulala chini ya dari. Nilikuwa nalala nimekaa, viatu miguuni. Katika nyumba ya Mama Döndü, chini ya boriti za mwaloni, nilivua viatu nikalala mpaka jua likanikuta. Mama mkwe hakuniamsha. Aliwakataza watoto kuongea.

Siku ya pili mabasi yakapakiwa. Wanawake walilia kimyakimya, wanaume walijifanya wanakagua matairi. Kenan alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya basi aliposikia mlango wa kwanza ukifungwa kwa komeo, kisha wa pili. Mama yake alikuwa anapita nyumba hata nyumba, anafunga.

"Panda basi, kaka," dereva akasema.

Kenan akanigeukia. "Nazmiye, ulilala jana?"

"Nililala."

"Basi tushushe mizigo."

Mama Döndü alipotuona tunarudi na masanduku hakutukumbatia. Aliuliza, "Nani kati yenu anajua kukamua mbuzi?" Hakuna aliyejua.

Je, hesabu ile ilileta daraja? Haikuleta. Walirudi wakahesabu upya, wakatukata mpaka idadi yetu ya kweli. Ofisini wakatuonya, na Mama Döndü akawaambia kwamba yeye idadi yake ya kweli aliiona siku ile. Masika yaliyofuata akafunga kitambaa chake akaenda tena, na tukafuatana naye.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, wewe ndiye uliyemsikiliza, na historia ya bonde hili itakutaja kwa wema. Umelijenga daraja hili wakati Alıçlı, majira ya baridi, ina watu kumi na saba. Wapo waliokuuliza kama ni akili. Sisi tunasema Mungu akulipe, ingawa mioyo yetu inauma: laiti tungelipata wale waliohama na waliokufa walipokuwa bado wanasubiri.

Umeuliza mbona Mama Döndü hayupo katika viti hivi vya mbele, na ukapendekeza awe wa kwanza kuvuka. Nilimpelekea salamu zako asubuhi. Alinijibu hivi, na naomba radhi kwa ukavu wake: "Nivuke niende wapi? Daraja sikuliomba la kuondokea. Waambie wao wavuke."

Tazameni ng'ambo ile. Yule aliyeketi kwenye kiti cha jikoni, kitambaa cheupe kichwani, ndiye yeye. Amepika supu ya sufuria kubwa tangu alfajiri, na hajui watu wangapi watakuja.

Mheshimiwa, mkasi ni huu. Ndugu zangu, asanteni kwa masikio yenu na subira yenu katika upepo huu. Sasa vukeni, akuoneni.