Antoine Mulenga, Mtu wa Visima Vitatu

Papa Antoine Mulenga alizaliwa Mitwaba tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa kwanza wa Papa Numbi Mulenga, mchimbaji wa mgodi. Miaka miwili baadaye alizaliwa mdogo wake, Ephraïm. Walilala kitanda kimoja, na mama yao alisema walipigana hata usingizini.

Alisoma shule ya msingi ya misheni Mitwaba. Mwaka 1968 alikuja Lubumbashi, akapata diploma ya ufundi mwaka 1973, na mwaka huohuo akaingia karakana ya reli. Alifanya kazi humo miaka thelathini na moja.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na Mama Huguette kanisani Katuba. Walijaliwa watoto watatu.

Alipostaafu, alichimba kisima katika shamba aliloacha marehemu baba yake komini ya Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi. Maji yalipotoka tu, Ephraïm akasema upande ule ni wake. Papa Antoine akasogea, akachimba cha pili. Ephraïm akadai na hicho. Ndipo, mwaka 2008, akahamia kiwanja kingine, mbali, akachimba cha tatu, akakiita Rehobothi, kama Isaka alivyofanya baada ya kunyang'anywa viwili. Ukoo ulimcheka. Mwanawe Guelor alimwambia:

“Papa, banakuita muoga! Twende tribinali!”

“Kaini njo alishinda mudogo yake,” akajibu. “Shamba yote ikabakia yake. Udongo ikamukatala. Weye unataka ushindi ya vile?”

Kwa miaka kumi na miwili ndugu hao hawakunywa hata maji kila mmoja kwa mwenziwe, maana walikuwa wametuhumiana kutiliana sumu. Papa Antoine hakuhuzunikia shamba. Alihofu kufa kabla ya kula tena na mdogo wake.

Oktoba 2019 visima vya Annexe vilikauka, na vile viwili pia; Rehobothi kikabaki na maji. Ephraïm akafika na bidoni mbili tupu za kuchotea maji, akasimama mlangoni. Papa Antoine akachota kikombe. Kwetu, anayetoa huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Kikombe kilipokaribia midomo yake, Ephraïm alikinyakua.

“Hapana, yaya!” akamwambia kaka yake. “Usionje. Leta.”

Akanywa chote bila kupumua.

“Polepole, mudogo! Kisima haikimbie.”

“Niko nakunywa ya miaka kumi na mbili, yaya.”

Mama Huguette akapika bukari, ugali wetu. Walikula sahani moja, wakagombania kichwa cha samaki.

Mwaka 2023 ugonjwa wa sukari ulimwangusha Papa Antoine. Kila Jumanne Ephraïm alimpeleka hospitali, na ugomvi wao pekee ulikuwa nani akae mbele kwenye teksi. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake.

Ameacha mjane, Mama Huguette, watoto Guelor, Angélique na Tracy, wajukuu saba, na Ephraïm. Jeneza hili limebebwa na vijana wa nyumba zote mbili, ambao zamani walikatazwa kusalimiana. Basi tusilie tu, tuimbe! Papa Antoine ameshinda: ametoka duniani bila kumwachia yeyote kesi. Na apumzike kwa amani, ile aliyoitengeneza mwenyewe.