Farasi wa Shemeji Fusae

Benchi ni langu, liko mbele ya duka langu la tofu, ile jibini ya soya, na sikumbuki kumkaribisha mtu. Lakini kila asubuhi, mashine ya kahawa ya makopo ikishameza sarafu, utawakuta. Wa kwanza ni Stesheni, mkuu wa stesheni mstaafu, ambaye hata akipiga chafya hutazama saa. Wa pili ni Lenzi, aliyeshinda shindano la picha la mji wetu mwaka juzi na hataki mtu asahau. Wa tatu ni Orihara. Yeye jina la utani tulimwondolea Februari, alipofiwa na mkewe Fusae. Leo ni tarehe kumi na tatu Agosti. Jioni tutawasha moto milangoni ili marehemu wetu warudi, na kila nyumba inawatengenezea farasi wa tango, miguu vijiti, wa kuwaleta mbio, na ng'ombe wa bilinganya wa kuwarudisha polepole. Orihara amekuja na matango matano ya bustani ya mkewe. Yote yamepinda.

Orihara: Nimeyamwagilia kila siku, na bado yanatoka hivi. Ndiyo mara yake ya kwanza kurudi, jamani. Nimpelekee kilema?

Mimi: Sokoni yapo yaliyonyooka.

Orihara: Fusae apande tango la kununua? Si atashuka njiani atembee kwa miguu.

Stesheni: Nisikilizeni mimi, treni nimeziongoza miaka thelathini na sita. Kila kona inakula dakika. Ukiwasha moto saa kumi na mbili, kwa farasi huyu shemeji anaingia saa mbili na robo. Supu imeshapoa.

Lenzi: Saa si tatizo. Tatizo ni upande. Hili limepinda kushoto. Anatoka makaburini vizuri, akifika darajani farasi anakata kushoto, huyo kwa kinyozi.

Orihara: Kinyozi yupi?

Lenzi: Aliyemposa kabla yako.

Orihara: Kinyozi alishakufa, bwana.

Lenzi: Basi ndiyo mbaya zaidi. Wanakuja wote.

Orihara akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Tangu Februari sikuwa nimemsikia akicheka, nikaona nami nichangie.

Mimi: Kupinda ni heri. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwa hiyo mkweli lazima apite kwenye kona.

Stesheni: Hapana. Walisema samaki mkunje angali mbichi. Na tango ni hivyo hivyo. Litie kwenye maji moto, lifunge kwenye rula, saa nane limenyooka.

Mimi: Amletee mkewe farasi wa kuchemsha?

Stesheni: Farasi aliyeiva huyo.

Hapo akafika Nagisa, mama aliyehamia ile nyumba ya darajani majira ya kuchipua, na bakuli lake la kuchukulia tofu. Alisimama akatusikiliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini huyu alikuja kutuumbua.

Nagisa: Samahani, wazee wangu. Marehemu mwenyewe alikuwa anatumia tango la namna gani?

Stesheni akatazama saa. Lenzi akafuta kioo cha kamera kilichokuwa safi. Orihara akayapanga upya matango yake. Miaka arobaini na moja farasi yule alisimama nyumbani kwake, na kila asubuhi ya kumtengeneza yeye alikuwa hapa benchini akibishana nasi. Niliona aibu, maana benchi ni langu.

Lenzi: Ile picha yangu iliyoshinda ni farasi wake.

Nagisa: Hiyo nimeiona ofisi ya kata. Ya uso kwa mbele. Kwa mbele kila tango limenyooka.

Lenzi: Niliwahi kupiga ya pembeni. Nikaiacha, mkono wa shemeji uliingia ukaiharibu.

Orihara: Itafute.

Lenzi alibonyeza kamera muda mrefu, tukimzunguka kama watoto. Akaipata. Mkono wa Fusae ulikuwa umeingia kutoka kulia, udongo kwenye kucha, unachomeka kijiti cha mguu wa mwisho. Na farasi amepinda haswa, tumbo chini, shingo juu, kama amesikia anaitwa. Fusae alikuwa akiyachagua yaliyopinda, maana ndiyo yanayofanana na farasi.

Orihara aliishika kamera kwa mikono miwili.

Orihara: Nichapie hii, kubwa. Usikate kitu.

Lenzi: Sikati.

Orihara akachagua tango lililopinda kuliko yote, akalifuta kwa kitambaa cha shingoni, akasimama.

Stesheni: Basi atafika kwa wakati. Na ng'ombe wa kumrudisha? Bilinganya unalo?

Orihara: Lipo shambani bado. Tangu mwezi uliopita sijaligusa, linanenepa tu. Hata kusimama halitaweza, sembuse kumrudisha mtu.