Homa Haingoji Basi la Kijijini

Akina mama wenzangu, sikieni aliyoyasikia jirani yetu Vestine ndani ya basi la kutoka Nyamirambo, hapa Kigali.

Mbele yake alikaa binti aliyepakata mtoto mwenye homa. “Anachemka hivi, unampeleka wapi?” mama wa pembeni alimuuliza.

“Kwetu kijijini, Nyamagabe; naenda kupanda basi la huko. Mituweli yangu, bima ya afya, ni ya kule.”

“Yeee! Mituweli si shamba la mihogo, mpaka uifuate kwenye udongo wake. Mimi nilijiandikisha kwetu Huye, mbali kule, na wanangu wanatibiwa hapahapa mjini.”

“Wewe wanakujua, mama. Wakinifukuza mbele za watu?”

“Utaona aibu, basi. Aibu inapoa. Huyu homa imemfanya akatae hata kunyonya, atafika Nyamagabe kweli?”

Binti akamfunika mtoto kwa kitenge, kana kwamba ni baridi inayomsumbua. Vestine alijifanya anatazama dirishani, lakini masikio yalikuwa kwao.

“Mimi nashuka Muhima,” mama alisema kwa upole. “Kituo cha afya kiko karibu. Nitaingia nawe, nitasema wewe mdogo wangu.”

Basi likasimama. Mama akashuka, akageuka, akanyoosha mikono apokee mtoto. Binti hakusogea. Dereva akapiga honi, na Vestine, ambaye hakuna aliyemuuliza, akajikuta amesimama: “Mpe, mwanangu! Mpe mtoto, nawe ushuke!”