Sista Wilkista na Mkono wa Mama Kim

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, kuanzia Endebess hadi Bungoma mjini. Aliye jikoni na apunguze moto. Aliye shambani na aegemee jembe lake kidogo. Leo tunamkumbuka muuguzi wa shule.

Jina lake ni Wilkista Nakhungu. Wanafunzi walimwita Sista. Alizaliwa Kamukuywa, akasomea uuguzi, akaanza kazi katika shule za msingi za umma karibu na Bungoma. Mwaka wa 2003 akahamia shule ya umma ya wasichana, shule ya bweni, nje kidogo ya mji wa Kitale. Huko alihudumu hadi ugonjwa ulipomrudisha nyumbani mwaka jana. Wiki iliyopita alituacha.

Tulipokuwa tukiandaa kipindi hiki, tulimtembelea dada yake, Bi. Phelista. Tulidhani atatupa sifa. Alitupa chai, kisha akatupa sharti.

"Msimpake mafuta dada yangu ati kwa sababu amekufa," alisema. "Wilkista alikuwa mtu wa wivu. Mwenyewe alijua. Mkiacha hiyo, mtakuwa mmekumbuka mtu mwingine."

Basi, wasikilizaji wapendwa, tutii sharti la mfiwa.

Kule Bungoma, Sista Wilkista alizoea kupendwa. Alitembea kutoka shule hadi shule na mkoba wake, na watoto walimkimbilia hata wakati alipokuja na sindano. Alipofika Kitale, alipewa chumba chake mwenyewe. Zahanati ya shule. Palikuwa na kitanda, kabati la dawa, na pazia alilolishona kwa mkono wake. Akaketi, akangoja kupendwa tena.

Wasichana walikuja. Lakini hakuna aliyekuja peke yake. Kila mgonjwa aliletwa na matroni wa mabweni, Bi. Ciru Waithaka wa Endebess, ambaye shule nzima ilimwita Mama Kim. Mama Kim hakutibu mtu. Kazi yake ilikuwa magodoro, mablanketi na usafi wa mabweni. Ila msichana alipoumwa, Mama Kim alimpa uji, akamshika mkono, akamtembeza hadi kwenye zahanati. Sindano ilipoingia, msichana alimtazama Mama Kim. Sindano ilipotoka, msichana alisema, "Asante, Mama Kim."

Kumbukeni hilo. Aliyedunga ni Sista. Aliyeshukuriwa ni Mama Kim.

Sista Wilkista aliumia, na aliumia kimyakimya, kama mtu aliyevaa kiatu kinachombana kanisani. Alinunua peremende, akaziweka mezani. Wasichana walizichukua, wakaenda kumgawia Mama Kim. Akapika uji wake mwenyewe, akautia ndimu. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliuonja, akafikiri kwa adabu, akasema, "Ni mtamu, Sista. Umekaribia ule wa Mama Kim."

Bi. Phelista anakumbuka kwamba mwisho wa mwezi mmoja dada yake alikuja Kamukuywa na hakuzungumzia jambo lingine. Alitaka kuelezwa Mama Kim alikuwa na nini ambacho yeye hakuwa nacho. Alimwita mpishi wa uji. Alimwita mlinzi wa magodoro. Phelista alimsikiliza hadi sufuria ikaungua.

Sasa, kulikuwa na jambo la pili. Kitale ina baridi, na asubuhi ya baridi, hasa yenye mtihani wa hesabu, huzaa wagonjwa wengi. Ili kuwanasa waliojisingizia ugonjwa, Sista alichemsha majani ya mwarobaini, akaweka maji yake kwenye chupa. Kila aliyesema kichwa kinamuuma alianza kwa kijiko kimoja cha maji hayo. Dawa yenyewe ilifuata baadaye. Wasichana walikiita kijiko hicho "chungu", na walikiogopa kuliko mwalimu wa zamu. Foleni ikapungua. Mwalimu mkuu, Bi. Cheptoo, akamsifu Sista mbele ya gwaride.

Lakini foleni haikuisha. Ilihama. Wale waliokiogopa kijiko walijazana kwa Mama Kim, na waliokuwa wagonjwa kweli walikubali kuja kwa Sista ikiwa tu Mama Kim amewashika mkono.

Mwaka wa 2006, muhula wa pili, Sista alishindwa kuvumilia. Alimsimamisha Mama Kim kwenye njia ya zahanati, mahali palipokuwa na maua mekundu.

"Mama Kim, kutoka leo mwisho wako ni hapa kwa maua."

"Na mtoto, Sista?"

"Mtoto ana miguu."

Mama Kim mwenyewe alitusimulia kwamba alicheka kidogo. "Nikamwambia, haya daktari, mimi si ni wa magodoro tu. Nikarudi."

Wasikilizaji wapendwa, amri hiyo ilikuwa fupi. Matroni asivuke maua. Tuone ilikotupeleka.

Ijumaa moja jioni, msichana wa kidato cha kwanza aliyeitwa Nabwile, kutoka Ndalu, alimwambia Mama Kim kwamba kichwa kinampasuka. Mama Kim alimgusa shingo, akahisi moto. Akamtembeza hadi kwenye maua, akasimama. Nabwile akaendelea peke yake. Alipoipita kona ya jengo, hakuingia zahanati. Alizunguka nyuma, akaingia stoo ya magodoro, akajilaza katikati ya magodoro ya zamani.

Mama Kim aliamini amelazwa kwa Sista. Sista hakujua kwamba kuna mgonjwa. Kesho yake kiranja alipoita majina, Nabwile hakuitika. Alipopatikana alikuwa akizungumza na mama yake, aliyekuwa Ndalu. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Sista Wilkista alimbeba mwenyewe hadi kwenye pikapu ya shule, akaketi naye nyuma, akimkinga jua kwa leso yake hadi hospitalini.

Jumatatu, Bi. Cheptoo aliwaita Sista na Mama Kim ofisini. Alikuwa mwalimu mkuu mwenye haki, lakini mwenye haraka. Alisema matroni alimwona mtoto mgonjwa na hakumfikisha kwa muuguzi. Kwa hiyo matroni afungashe, aondoke kabla ya jioni. Mama Kim alimtazama Sista. Hakusema lolote kuhusu maua. Sista aliitazama sakafu. Naye hakusema.

Kwa nini Mama Kim alinyamaza? Tulimuuliza. "Ningesema nini? Yeye ni nesi, ana karatasi. Mimi wangesema natafuta pa kujificha. Tena niliona anajua. Nikamwachia."

Na Sista Wilkista alihisi nini? Bi. Phelista anatuambia alichokisikia kutoka kinywani mwa dada yake. "Aliniambia alifurahi. Ile furaha ya mtu ameanika mahindi, mvua inapita inaenda kunyeshea jirani. Aliona sasa hao watoto wote ni wake."

Akiwa na furaha hiyo, alipika uji, akautia kwenye chupa ya chai, akaenda hospitalini. Nabwile alikuwa amewekewa maji ya dripu mkononi, homa imeshuka. Alikunywa uji wote. Sista akamfuta mdomo. Hapo akasikia kile alichokiogopa kusikia.

"Mama Kim amekuja na wewe?"

Sista akasema hapana. Kisha, pengine ili kumhukumu Mama Kim mara ya pili, akamuuliza ni kwa nini alijificha.

"Niliogopa chungu, Sista. Nikaangalia nyuma kama Mama Kim anakuja, nikaona amesimama tu pale kwa maua. Nikajua leo hakuna wa kunishika."

Sista Wilkista alifunika chupa yake. Alirudi shuleni, akapita mabweni, akamwona Mama Kim akifunga godoro lake kwa kamba. Akaendelea hadi ofisini, akaingia bila kubisha.

"Mwalimu mkuu, yule mama alisimama mahali nilipomsimamisha mimi," alisema. "Nilimkataza kuwaleta kwa sababu walikuwa wanampenda. Kama kuna wa kufungasha, ni mimi."

Bi. Cheptoo alimpa onyo kali, na sifa za gwaride zikakoma. Lakini Mama Kim alifungua kamba za godoro lake. Jioni hiyo Sista alimfuata hadi chumbani kwake, akasimama mlangoni.

"Nirudishie wagonjwa," alisema.

"Nitawaleta. Lakini hiyo chupa ya chungu umwage."

"Nitamwaga. Na ujue bado sikupendi sana, Mama Kim."

"Najua, Sista. Ingia unywe uji."

Je, wivu uliisha siku hiyo? Bi. Phelista anasema haukuisha. Kwa miaka iliyobaki, Mama Kim alileta wagonjwa hadi ndani kabisa, akawashika mkono, na Sista akadunga. Kila likizo Sista alikuja Kamukuywa akinung'unika kwamba bado anashukuriwa mwingine. Siku moja Phelista alichoka, akamuuliza kwa nini asiombe uhamisho. Sista akamjibu hivi:

"Nikisikia mtoto analia, kitu cha kwanza ni wivu. Kitu cha pili, namtuma mtu amwite Mama Kim."

Wasikilizaji wapendwa, Sista Wilkista Nakhungu atazikwa Jumamosi, nyumbani Kamukuywa. Kwa Bi. Phelista na jamaa yote, kwa Bi. Ciru Waithaka, kwa Nabwile ambaye sasa ni mzima na yuko chuoni, tunasema poleni. Mungu awape nguvu.

Nasi tuliobaki tujichunguze. Pengine kazini kwako, au nyumbani kwako, yuko mmoja ambaye watu humkimbilia kabla yako. Sikuombi umpende leo. Hata Sista hakuweza kwa siku moja. Ila atakapohitajika, usimsimamishe kwenye maua. Mtoto anakungojeni nyote wawili.