Fundi Juu na Kindi Aliyemlea Kitandani

Wasikilizaji wapendwa, kama mna chungu jikoni, punguzeni moto kidogo mnisikilize. Leo namkumbuka mwezekaji wa mapaa. Mtaani walimwita Fundi Juu, maana ukimtafuta chini humpati. Alikula juu, alisinzia juu. Mkewe anasema hata siku ya kumposa aliteremka ngazi na misumari mdomoni, ikabidi aiteme kwanza ndipo aseme neno.

Fundi Juu amefariki. Tumemzika juma lililopita.

Mwaka juzi alikanyaga ubao uliooza kwenye paa la ghala. Akaanguka chali. Tangu siku ile, kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu. Nasema tena, wasikilizaji: mtu wa ngazi akawa mtu wa kugeuzwa kitandani. Akaukabili ukuta. Mkewe akimsemesha, anajibu "ndiyo" au "basi".

Aliyeleta mgeni ni binti yake, mwalimu wa chekechea. Wakata miti walikuwa wameangusha mti mkubwa nyuma ya shule. Ndani ya tundu la shina wakakuta mama kindi amekufa, na kitoto kimoja kinapumua. Si kindi hawa tunaowajua. Huyu ni kindi wa kuruka, mwenye ngozi laini kutoka mkononi hadi mguuni. Huitandaza akaelea kutoka mti hadi mti. Lakini kitoto hiki hakikuwa kimefumbua hata macho. Kilienea kwenye kijiko.

"Baba, kinataka joto la mwili muda wote," binti akamwambia. "Mimi niko kazini. Mama naye ana mikono miwili tu."

"Nipe," akasema.

Kindi akawekwa kifuani, chini ya fulana. Daktari wa mifugo akawafundisha kumdondoshea maziwa tone kwa tone, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kisha wampanguse chini ya tumbo kwa pamba yenye uvuguvugu, maana katoto kama hako hakawezi kukojoa kenyewe. Fundi Juu, ambaye mwenyewe alikuwa na mpira wa mkojo, alicheka hadi kitanda kikatikisika.

"Mke wangu, sasa una wawili wa kuwapangusa!"

Mkewe aliniambia, "Nilitoka nje nikalia. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu aanguke."

Lakini msidhani ilikuwa furaha tupu. Kindi aliota manyoya, akaanza kutambaa. Siku moja Fundi Juu akashtuka, akipapasa shuka kila upande. "Yuko wapi? Jamani, yuko wapi?"

"Si huyo gotini kwako," mkewe akamjibu.

Kucha zilikuwa zimeng'ang'ania ngozi, na mwenye ngozi hana habari. Machozi yakamtiririkia masikioni, maana alikuwa amelala chali.

Daktari wa mifugo alikuwa amewaonya mapema: "Mnyama huyu si wenu. Akizoea watu, atamrukia mtu wa kwanza mwenye fimbo." Kwa hiyo zikaanza taratibu za kumwachia. Akazoeshwa majani, matunda ya porini na karanga ngumu. Likahitajika sanduku la mbao la kulala, la kutundikwa mtini. Aliyelitengeneza ni shemeji mtu, kinyozi. Fundi Juu alimwelekeza kutoka kitandani, anaona msumari unakwenda upande na hawezi kuinuka.

"Shemeji, huo ni ubao, hauna kisogo! Pigilia, usinyoe!"

Walicheka. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Hebu nipe nyundo. Niishike tu."

Kindi akahamishiwa kwenye kizimba uani. Kila akisikia sauti ya Fundi Juu dirishani, alirukia waya akalia. Basi Fundi Juu akaacha kuongea. Akarudia "ndiyo" na "basi" zake, safari hii kwa makusudi.

Siku ya kumwachia, jua likizama, walimtoa Fundi Juu hadi uani kwa kiti cha magurudumu. Binti akafungua kizimba. Kindi akapanda mti, akatazama huku, akatazama kule. Paka wa jirani alikuwa ukutani, kinyozi akamfukuza kwa kandambili. Kisha kindi akaruka. Wasikilizaji wapendwa, aliruka moja kwa moja hadi kifuani kwa Fundi Juu.

Fundi Juu akainua mikono yote miwili hewani, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. "Mwondoeni," akanong'ona. "Mwondoeni upesi, nisije nikamshika."

Mkewe akambandua, ukucha mmoja mmoja, akamrudisha shinani. Mara hii alipanda juu zaidi. Akatandaza ngozi yake, akaelea juu ya bati la jirani, akazama kwenye miti. Hawakumwona tena.

Mvua zikaanza. Sanduku likabaki tupu, karanga zikaota ukungu. Kila jioni Fundi Juu aliuliza, "Mmemwona?" Siku moja binti akashindwa kuvumilia. "Nimemwona, baba. Amenenepa!"

"Mwanangu, anayeruka hanenepi," akajibu. "Lakini ahsante."

Kisha kifua kikambana. Hospitali walijaribu dawa hii na ile, hadi daktari akatoka na kuwaambia hana tena la kufanya. "Nilimshika mkono," mkewe aliniambia. "Ndilo nililoliweza."

Fundi Juu amefariki, na kindi aliyemlea hatujui aliko.

Kwako mama, kwa binti, na kwa shemeji kinyozi, sisi wa kituo hiki tunasema poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nanyi wasikilizaji, mjane huyu ameniomba niwafikishie neno moja. Wanaokwenda kumpa pole wanamuuliza kama yule mnyama alipona. Anasema hajui, na kila akiulizwa anaumia upya. Tujifikirie, sisi ambao kila jambo twalitakia jibu na kila kilio twakitafutia dawa. Mkifika pale, vueni viatu, muingie, mkae naye. Akinyamaza, nyamazeni naye.